Upasuaji uliopangwa kuahirishwa siku yenyewe: chanzo ni nini, na bodi ya hospitali ianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu (Rukwa) ameuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi si mtu wa tiba. Ni mwalimu mstaafu niliyeteuliwa kuwakilisha wananchi katika bodi ya ushauri ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na tangu nianze kuhudhuria vikao, lalamiko linalojirudia kuliko yote si la dawa wala la lugha ya watumishi. Ni la wagonjwa waliopewa tarehe ya upasuaji wiki kadhaa kabla, wakalazwa, wakafunga usiku kucha, wakavalishwa gauni, kisha mchana wakaambiwa kwamba leo haitawezekana na warudi wiki ijayo. Ninazungumzia henia, tezi dume, uvimbe wa kizazi, rovu na mifupa iliyounga vibaya. Wagonjwa wa dharura siwahesabu hapa, kwa sababu wao hupasuliwa hata usiku wa manane.

Niliomba kuona daftari la chumba cha upasuaji ili nielewe ukubwa wa jambo hili. Mbele ya majina mengi pameandikwa neno moja tu, "imeahirishwa", na pale palipo na sababu utakuta "muda umekwisha" au "mgonjwa hayuko tayari". Maelezo hayo hayanipi mwanga wowote, kwa kuwa sijui muda ulikwisha kwa sababu gani, wala ni nani aliyepaswa kumwandaa mgonjwa huyo asiyekuwa tayari. Katika kikao, mganga mfawidhi alisema tatizo ni kuwa na chumba kimoja, mhasibu akasema ni wagonjwa wasiokamilisha malipo, na muuguzi mkuu akasema ni uchache wa watumishi. Kila mmoja alikuwa na hoja, lakini tuliondoka bila kujua tuanzie wapi, hasa kwa kuwa fedha za kujenga jengo jipya hatuna na hatutazipata karibuni.

Naomba wenye uzoefu wa kazi hii wanisaidie. Je, kwa kawaida chanzo hasa cha kuahirisha ni kipi? Na katika hospitali yenye chumba kimoja au viwili, ni jambo gani linaloweza kubadilishwa bila kusubiri fedha kubwa?

Mtaalamu wa Usingizi (Dodoma):

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi ya usingizi na ganzi katika hospitali za wilaya na za mkoa, na mara nyingi mimi ndiye ninayetamka neno la kuahirisha, kwa hiyo lawama huniangukia mimi. Lakini sababu nyingi ninazozitamka saa 2 asubuhi zilikuwepo tangu siku mgonjwa alipopewa tarehe. Daktari wa upasuaji alimwona kliniki, akathibitisha kwamba ana henia, akaandika tarehe, na mgonjwa akaenda nyumbani bila mtu yeyote wa usingizi kumtazama. Tunakutana kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na hapo ndipo ninapogundua kwamba ana kisukari kisichodhibitiwa, au kwamba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo ilipaswa kusimamishwa siku kadhaa kabla.

Chukua mfano wa presha, maana huo ndio wimbo wa kila wiki. Mgonjwa huambiwa "usile wala usinywe chochote", naye kwa utii wake anaacha hata vidonge vyake vya presha, jambo ambalo kwa dawa nyingi za aina hiyo halikutakiwa. Asubuhi anapimwa akiwa na hofu, hajalala, hajameza dawa, na kipimo kinasoma juu. Hapo kila mtaalamu huamua kwa kadiri ya woga wake, kwa sababu hospitali nyingi hazina mwongozo wa maandishi unaosema kikomo ni kipi. Vyama vya Uingereza vya wataalamu wa usingizi na wa shinikizo la damu vilitoa mwongozo mwaka 2016 unaosema kwamba mgonjwa ambaye kumbukumbu zake za kliniki za mwaka uliopita zinaonyesha presha iliyo chini ya 160/100 anaweza kuendelea na upasuaji uliopangwa, na asiye na kumbukumbu anaweza kuendelea endapo kliniki ya maandalizi itakuta iko chini ya 180/110. Sisemi tuunakili kama ulivyo. Ninasema kwamba hospitali ikikaa na wataalamu wake ikakubaliana juu ya namba, itaokoa wagonjwa wengi ambao leo wanarudishwa kwa kubahatisha.

Kufunga kula nako kuna mkanganyiko. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani kwa mgonjwa asiye na tatizo la ziada ni muda wa saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji. Wodini, hata hivyo, wote huambiwa wasitie kitu kinywani kuanzia usiku wa manane, yule wa kwanza na yule wa mwisho sawasawa. Sasa mtoto aliye wa mwisho katika orodha anafika saa 8 mchana akiwa hajanywa hata maji, analia, na mama yake kwa huruma anampa uji kidogo. Tukiuliza, mama anasema kweli, na upasuaji unaahirishwa. Wodini wanaandika "mgonjwa alikula", kana kwamba kosa ni la mama.

Kuhusu damu, uniti ya damu nzima iliyohifadhiwa vizuri kwenye jokofu hudumu siku 35 tu, kwa hiyo haiwezekani kulimbikiza. Sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari nchini mwetu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba benki ya damu hukauka. Baada ya masika, watoto wenye upungufu wa damu kutokana na malaria huongezeka, na hakuna mwenye akili timamu atakayemnyima mtoto wa namna hiyo damu ili amwekee mtu mwenye uvimbe wa kizazi anayeweza kusubiri. Hayo yote yanajulikana tangu Januari, lakini orodha za Juni hupangwa sawa na za Machi.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitasema anzisha kliniki ya maandalizi ya upasuaji. Halihitajiki jengo. Meza moja, mashine ya presha, kipimo cha sukari na cha wingi wa damu, na mtaalamu mmoja wa usingizi kwa mchana mmoja wa kila wiki. Mgonjwa asiandikwe kwenye orodha kabla hajapita hapo.

Sista wa Chumba cha Upasuaji (Tanga):

Mwalimu, ndugu yangu wa usingizi amesema vizuri kuhusu mgonjwa, lakini kuna siku wagonjwa wote wako tayari kabisa na bado tunawarudisha watatu wodini. Hizo ndizo siku za "muda umekwisha".

Saa rasmi ya kuanza ni saa 2. Mgonjwa wa kwanza mara nyingi huingia saa 4. Katikati hapo hakuna mtu aliyekaa bure: daktari wa upasuaji yuko kwenye kikao cha asubuhi, halafu anapitia wodi, muuguzi wa wodi anasubiri fomu ya ridhaa ambayo haikusainiwa jana, mhudumu wa kusukuma kitanda ni mmoja na amepeleka mgonjwa eksirei, sisi ndani tumeshafungua vifaa na tunasubiri. Saa hizo mbili za alfajiri ya kazi ndizo upasuaji mmoja mzima, pengine miwili ya henia, na hazirudi tena, kwa sababu saa 9 na nusu zamu inakwisha na hakuna anayetaka kuanza upasuaji unaochukua saa tatu akiwa na watu wa zamu ya jioni ambao idadi yao ni nusu.

Halafu kuna vifaa. Watu hudhani kwamba tukiwa na chumba na daktari basi kazi inaendelea. Kama hospitali ina seti mbili tu za upasuaji wa tumbo na dharura ya usiku ilitumia moja, asubuhi nina seti moja, na kila baada ya mgonjwa lazima ioshwe, ikaushwe, ifungwe na irudi kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Mvuke wa nyuzi 134 huhitaji dakika chache tu za kuua vijidudu, lakini ukihesabu kuosha, kupasha joto, kukausha na kupoza, seti hiyo haitarudi mikononi mwangu upesi. Maji yakikatika, ndiyo basi. Jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye ripoti yoyote ni mashuka na magauni ya kitambaa. Masika kufulia ni kazi, kukausha ni mtihani, na nimeshuhudia orodha nzima ikisimama kwa sababu mashuka ya upasuaji yalikuwa bado mabichi kwenye kamba.

Mtasema hayo ni mambo ya fedha. Mengine ndiyo, lakini si yote. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya uhakiki wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na hospitali ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa zile 8 duniani zilizoijaribu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka uliofuata yalionyesha kwamba katika hospitali hizo kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo tunaisoma mgonjwa akiwa mezani, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini maswali yake mengi, kwamba huyu ni nani, anafanyiwa nini, damu ipo, vifaa vimetakaswa, hayana sababu ya kusubiri asubuhi. Tulipoanza kukutana mchana wa siku iliyotangulia, mimi, mtu wa usingizi, daktari na muuguzi wa wodi, tukiwa tumesimama tu mbele ya ubao kwa muda mfupi, tulikuwa tunajua siku moja kabla kwamba mgonjwa wa nne hana damu, na nafasi yake tukampa mwingine aliyekuwa tayari. Huyo asiye na damu bado aliahirishwa, lakini aliambiwa jioni akala chakula chake, na chumba hakikukaa wazi.

Daktari wa Upasuaji (Mbeya):

Mwalimu, shikamoo. Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naomba niseme upande ambao haujasemwa, kwa sababu mwishoni mwa mjadala wa namna hii daktari wa upasuaji hubaki ameonekana kuwa mtu anayeandika orodha ndefu bila kufikiri.

Ninaandika wagonjwa sita nikijua kwamba siku ya kawaida itatosha wanne. Ninafanya hivyo kwa sababu wawili hawatafika: mmoja amekosa nauli, mwingine familia imeamua kwanza apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Nikiandika wanne nitapasua wawili, na foleni ya kliniki yangu itafika mwaka ujao. Nikiandika sita, siku ambayo wote sita wamefika nitawarudisha wawili. Kwa hiyo sehemu ya kuahirisha mnakokuona kwenye daftari ni gharama ya kutoacha chumba kikae bure, na bodi ikitoa agizo kwamba pasiwe na mgonjwa anayeahirishwa, jambo rahisi kwangu litakuwa kufupisha orodha. Takwimu zitapendeza, na wagonjwa watasubiri nyumbani mahali ambapo hakuna anayewahesabu.

Pia si kila kuahirisha ni kosa. Mtoto aliyeamka na mafua na kikohozi njia yake ya hewa ina hatari ya kubana akiwa usingizini, na kumsubirisha wiki chache ni tiba sahihi. Mama anayeletwa saa 3 asubuhi akiwa na uchungu uliokwama hawezi kusubiri nimalize rovu. Hospitali yenye chumba kimoja inayohudumia wajawazito wa wilaya tatu au nne itaahirisha tu, hata ikiongozwa na malaika. Tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati huduma salama ya upasuaji na usingizi kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu, na ikapendekeza angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Sisi tuko mbali sana na hapo. Ninaogopa mjadala wa kupanga vizuri ukigeuka kisingizio cha kutoajiri.

Pamoja na hayo, kukutana mbele ya ubao mchana wa jana yake ni jambo ambalo ningelipenda. Huku kwetu hatulifanyi.

Binti wa Mgonjwa (Kilwa):

Shikamooni. Mimi si mtumishi wa afya, nilimuuguza mama yangu aliyekuwa na uvimbe wa kizazi. Daktari amesema kwamba wawili hawatafika kwa kukosa nauli. Naomba nieleze nauli hiyo inakwenda wapi. Tulisafiri na mama, na mimi wa kumhudumia, na kaka zangu wawili walioambiwa waje kuchangia damu, kwa sababu tuliambiwa bila wachangiaji hatapasuliwa. Damu ilitolewa. Siku ya upasuaji tukaambiwa chumba kimetumika kwa dharura, jambo ambalo tulilielewa na hatukulilalamikia. Lakini wiki iliyofuata tukaambiwa damu ile imeshatumika kwa mtu mwingine, tulete wachangiaji upya, na kaka zangu walikuwa wamesharudi kazini na tena hawakuruhusiwa kuchangia mapema namna ile. Kibali cha bima nacho kilikuwa na tarehe, kikahitaji kuombwa upya.

Kwa hiyo mnapoona mgonjwa hakufika kwa tarehe ya tatu, msidhani ameogopa kisu. Na jambo moja ambalo halina gharama yoyote: hakuna aliyechukua namba yetu ya simu. Tungepigiwa siku mbili kabla, tungejua kama damu ipo na tungesema kama tunakuja.

Katibu wa Afya Mstaafu (Mwanza):

Mwalimu, dada wa Kilwa ametoa hoja nzito kuliko sisi tuliokaa ofisini. Naomba niongeze mambo ya utawala, kwa kuwa bodi yako kazi yake ni hiyo.

Kwanza, hospitali yenu haiko peke yake. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Bugando hapa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu asilimia 21 ya upasuaji uliopangwa uliahirishwa, sababu iliyoongoza ikiwa ni ukosefu wa nafasi katika chumba cha upasuaji, na sehemu kubwa ya sababu zote ikiwa ya upande wa hospitali na yenye kuzuilika. Uingereza nako, pamoja na utajiri wao, tatizo lipo kiasi kwamba wamelitungia kanuni: mgonjwa ambaye upasuaji wake umefutwa dakika za mwisho kwa sababu isiyo ya kitabibu lazima apewe tarehe nyingine ndani ya siku 28, vinginevyo hospitali igharimie atibiwe kwingine. Sishauri tujifunge kwa siku hizo wakati hatuna pa kumpeleka. Ninachokipenda katika kanuni ile ni kwamba aliyeahirishwa haanzi upya mwisho wa foleni. Kwetu mara nyingi anaanza upya, na damu yake na kibali chake vinaanza upya pamoja naye, kama alivyoeleza dada. Bodi inaweza kuagiza kwamba aliyeahirishwa kwa sababu ya hospitali awe wa kwanza kwenye orodha inayofuata. Agizo hilo halina bajeti.

Pili, daktari wa Mbeya amesema dharura haipangiki. Dharura ya mtu mmoja haipangiki, ni kweli, lakini jumla ya dharura za mwezi hupangika, na daftari lenu la uzazi litakuonyesha kwamba idadi ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji kwa wiki haiyumbi sana. Huko Marekani, hospitali ya St. John's ya mjini Springfield, jimbo la Missouri, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji vilivyojaa wakati wote, na madaktari walifanya kazi hadi usiku kwa sababu dharura zilivuruga ratiba kila siku. Mwaka 2002 walitenga chumba kimoja kisipangiwe chochote, kiwe cha wasiopangwa tu. Madaktari waliona ni wazimu kuacha chumba wazi wakati nafasi haitoshi, lakini idadi ya upasuaji iliongezeka na kazi za usiku zikapungua, kwa kuwa zile orodha nyingine hazikuvurugwa tena. Mwenye chumba kimoja hawezi kutenga chumba. Anaweza kutenga saa. Mkiacha saa mbili za katikati ya siku bila jina, dharura ya asubuhi itaingia humo badala ya kumfuta mgonjwa wa tatu na wa nne, na siku isiyo na dharura mnamwita aliyekuwa akiba, yule aliyeambiwa waziwazi tangu mwanzo kwamba ni akiba. Hapo hata hesabu ya daktari ya sita na wanne inapata njia ya haki, kwa sababu leo wale wawili wa mwisho hawaambiwi kwamba nafasi yao ni ya bahati.

Tatu, na hili hunichekesha hadi leo: tazameni kalenda. Nimeona orodha kamili ikipangwa siku ambayo kila mtu alijua kwamba mwezi ukiandama itakuwa Idd. Nimeona daktari bingwa aliyeitwa semina kwa barua ya wiki mbili kabla, na jina lake likabaki kwenye orodha hadi asubuhi ya siku ile. Ziara za viongozi sizitaji.

Mwalimu Mstaafu (Rukwa):

Marahaba wote, na asanteni sana. Nimejifunza zaidi ya nilivyojifunza katika vikao vya mwaka mzima. Kikao chetu ni mwezi ujao, na sitaki kwenda na mapendekezo kumi ambayo yatapokelewa kwa makofi na kuwekwa kwenye jalada. Nikitakiwa kupeleka jambo la kuanzia, naona liwe ni daftari lile, maana bila kujua sababu tutabishana tena chumba, malipo na watumishi. Lakini sijui daftari liandikweje ili lisijazwe tena "muda umekwisha". Mnanishauri nini?

Sista wa Chumba cha Upasuaji (Tanga):

Mwalimu, wekeni safu mbili badala ya moja. Ya kwanza ni sababu, na neno "muda umekwisha" lisiruhusiwe. Aandike kilichokula muda huo, kama ni kuchelewa kuanza, dharura, vifaa au upasuaji uliochukua muda mrefu kuliko ulivyokadiriwa. Ya pili ni muhimu zaidi: sababu hiyo ingeweza kujulikana lini? Dharura ilijulikana leo. Mafua ya mtoto yalijulikana leo au jana. Kisukari kilikuwepo siku ya kliniki. Barua ya semina ilikuwepo wiki mbili. Mkikusanya miezi mitatu tu, bodi itaona ni wangapi ambao sababu yao ilikuwepo kabla hata hawajapanda basi kuja kulazwa, na hao ndio mnaoweza kuwapunguza bila kujenga kitu. Ajaze msimamizi wa chumba siku hiyohiyo kabla ya kutoka kazini, si mwisho wa mwezi.

Mtaalamu wa Usingizi (Dodoma):

Ninaunga mkono, na kwa sababu hiyohiyo ninaomba safu ya pili isomwe na bodi kwa jumla ya sababu, si kwa jina la mtumishi. Nimeona hospitali ambako daftari kama hilo lilipelekwa kwenye kikao na watu wakaanza kuulizwa mmoja mmoja kwa ukali. Mwezi uliofuata karibu kila mstari uliandikwa "mgonjwa hakufika".

Daktari wa Upasuaji (Mbeya):

Ni kweli kabisa. Mwalimu, ongeza pia mstari wa wale waliofika wakapasuliwa kama walivyopangwa, na urefu wa foleni ya kliniki kila mwisho wa mwezi, ili mtu akifupisha orodha kwa ajili ya kupendeza mlione hilo nalo. Na hiyo namba ya simu aliyoisema dada wa Kilwa, mwambie muuguzi wa kliniki aiandike siku ileile tarehe inapotolewa, ya mgonjwa na ya ndugu mmoja, kwa sababu simu ya mgonjwa mwenyewe mara nyingi huwa imezimwa.